Una siku chache Mombasa: namna ya kuamua kama kasri la Gede linastahili siku yako nzima

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, wageni wangu wa bara huniuliza swali lile lile, na wengi wao hukosea pale pale. Wana siku mbili au tatu Mombasa. Wameona picha ya kasri la Gede, gofu la kale lililozungukwa na msitu kwenye njia ya Malindi, wanataka kwenda. Basi wanatoka kisiwani saa tano, wanafika saa nane wamechoka na wana njaa, wanazunguka magofu dakika arubaini, wanapiga picha na kima, kisha wanarudi kukwama kwenye foleni ya Mtwapa, mji ulio kaskazini kidogo ya Mombasa, mpaka giza linaingia. Siku imekwisha na kasri lenyewe hawakuliona. Wengine wanashuka Mtwapa kwenye Jumba la Mtwana wakidhani ndilo kasri waliloliona kwenye picha.

Kosa hilo halianzii barabarani. Linaanzia usiku wa kuamkia safari, mtu anapoamua bila kupiga hesabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kuamua, na safari yenyewe inakuja mwishoni.

Msimamo wangu nausema mapema usinitafutie: Gede inastahili siku nzima, tena siku inayoanza alfajiri. Kama huwezi kuipa hiyo, usiende. Karibu na mji kuna pa kukufaa zaidi.

## Uwe na haya mkononi kwanza

Kabla ya kuamua, weka mbele yako:

- Tiketi yako ya kurudi, au saa kamili ya kuondoka kwako.
- Jina la mtaa unaolala. Nyali, kisiwani na Diani ni safari tatu tofauti kabisa.
- Orodha ya mtakaokwenda, pamoja na umri wa watoto na hali ya magoti ya wazee.

Ukishaamua kwenda, ongeza:

- Kitambulisho. Raia analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, lakini hawezi kulipa bei hiyo kwa kusema tu kwamba ni Mkenya.
- Simu yenye chaji na pesa kwenye M-Pesa. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi yanapitia eCitizen, nambari ya 222222, kwa hiyo usitegemee noti mlangoni.
- Noti ndogo ndogo hata hivyo, kwa ajili ya bodaboda, tuktuk na anayekutembeza.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, viatu vya kufunika vidole, dawa ya mbu, na leso moja. Leso utaikalia, utajifunika, utajifutia jasho.

Chakula usibebe mkononi. Sababu nitaieleza tukifika kwa kima.

## Hatua ya 1: Hesabu siku kamili, usihesabu siku za tiketi

"Nina siku tatu Mombasa" ni lugha ya tiketi. Chukua karatasi uandike kila siku na saa utakayokuwa huru, kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Pwani yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua likizama baada ya saa kumi na mbili jioni, giza linaingia haraka.

Anayefika Miritini kwa treni ya mchana anaingia kisiwani alasiri. Hiyo si siku, ni jioni. Anayerudi kwa treni ya saa tisa alasiri lazima aanze kujiandaa kabla ya saa saba, kwa sababu kuna njia ya kwenda Miritini na kuna ukaguzi wa mizigo kituoni. Hiyo nayo ni asubuhi tu. Kwa hiyo mtu wa "siku tatu" mara nyingi ana siku moja kamili katikati.

Ukimaliza unatakiwa uwe na nambari moja tu: siku kamili ngapi. Kama nambari yenyewe bado ina "labda", rudia.

## Hatua ya 2: Jua ni jumba lipi unalolitaka

Majina yanachanganya watu, hasa wanaotafuta kwenye simu.

Kasri la Gede liko ndani ya magofu ya mji wa Gede, katika kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa na kama kilomita 16 kabla ya Malindi. Hapo ndipo penye kasri la mtawala, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Jumba la Mtwana liko Mtwapa, karibu kilomita 20 kutoka mjini, ukingoni mwa bahari. Licha ya jina lake si kasri la mfalme. Ni magofu ya mji mdogo wenye nyumba za mawe na misikiti minne. Ni pazuri mno, na nitaparudia, lakini ukienda ukitarajia kasri utarudi umenuna bure.

Fort Jesus ni ngome, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na iko pale pale mjini. Hiyo huhitaji siku ya safari kuifikia.

Jisemee kwa sauti jina la unakotaka kwenda na mji ulio karibu nalo: "Gede, njia ya Watamu." Ukiweza kumwambia kondakta hivyo bila kusita, umevuka hatua hii.

## Hatua ya 3: Pima unachotarajia kuona

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gede halina paa. Hakuna kiti cha enzi, mazulia wala dhahabu. Kuna kuta za matumbawe na chokaa, nyingine zinakufikia kifuani, nyingine zimebaki ndefu kuliko mtu, na miti mikubwa imeota katikati ya vyumba. Mizizi imeshuka juu ya kuta kama nywele zilizofumuliwa. Kama moyo wako unataka jumba lenye samani na vioo, wewe si mtu wa Gede, na hakuna ubaya wowote. Okoa siku yako.

Lakini kama unapenda kusoma nyumba, yaani kusimama mahali ukajiuliza nani alikaa hapa, aliingilia wapi, alificha nini, basi hakuna mahali pengine pa aina hii karibu na Mombasa.

Nikupe mfano wa vitu vitatu. Unaingia kasrini kwa mlango wa tao lililochongoka juu, kisha unajikuta katika ua ulio chini kidogo ya ulikotoka. Huko mtawala alipokea watu na kusikiliza mashauri. Mara ya kwanza nilipompeleka mama mdogo, aliyetoka Kitale na hakuwa na hamu yoyote na magofu, aliketi pale kivulini apumzishe miguu. Baada ya muda akaniambia, "Mwanangu, anayekaa hapa anamwona kila anayeingia, na anayeingia haoni vizuri ndani." Alikuwa ameuelewa ua ule kuliko mimi niliyekuwa nasoma kibao.

Kitu cha pili ni chumba kisicho na mlango. Ndicho chumba cha hazina. Kuta zinakizunguka pande zote, na njia ya kuingilia ilikuwa tundu dogo huko juu ukutani. Watoto hukipenda kuliko kila kitu. Waulize, "Ungekuwa mwizi ungeingiaje?" uwaache wabishane.

Cha tatu hakina kibao. Sogea karibu na ukuta ambao lipu yake imebanduka, uutazame kwa shubiri moja. Utaona maua madogo madogo, nyota zilizojipanga kama sega la nyuki. Ni matumbawe yenyewe, wanyama wa baharini waliogeuka mawe, yakachongwa yakawa matofali. Ukishayaona mara moja, hutapita tena karibu na ukuta wa zamani wa pwani bila kuinama.

Hatua hii unaimaliza kwa jibu moja: "Ndiyo, naweza kukaa saa mbili na zaidi mahali kama hapo." Kama jibu lako ni "nataka picha mbili tatu nionyeshe nyumbani", ruka mpaka kwenye mpango wa akiba mwishoni.

## Hatua ya 4: Pima barabara kwa saa, achana na kilomita

Ramani itakuambia kilomita mia na kidogo, nawe utajisemea saa moja na nusu. Dereva mmoja wa kukodi aliwahi kuniahidi hivyo hivyo. Tulitumia saa tatu kasorobo, na nusu ya muda huo hatukuwa hata tumetoka Mtwapa.

Barabara ya kaskazini hukaba sehemu mbili. Ya kwanza ni kuanzia daraja la Nyali mpaka Kongowea, kwa sababu ya soko na magari ya mizigo. Ya pili, na ndiyo mbaya, ni Mtwapa. Ukishaipita Mtwapa, Kikambala, mashamba ya mkonge ya Vipingo na Kilifi hupita vizuri.

Ukitoka alfajiri kwa gari binafsi, weka saa mbili mpaka mbili na nusu. Kwa matatu weka tatu, maana itasimama kushusha na kupakia. Ukitoka baada ya saa mbili asubuhi, ongeza saa nzima. Jumapili jioni, watu wanaporudi mjini, ongeza nyingine.

Ukilala Nyali, Bamburi au Shanzu umeshalipita daraja, una nafuu ya nusu saa au zaidi. Ukilala Diani, nakusihi sana usifanye hivi kwa siku moja: una kivuko cha Likoni au mzunguko wa Dongo Kundu kabla hata hujaanza safari. Afadhali ulale usiku mmoja Watamu au Kilifi, asubuhi uende Gede bila haraka.

Jumlisha sasa. Barabara kwenda na kurudi saa tano mpaka sita, magofu saa mbili na nusu, chakula saa moja, na akiba saa moja kwa lolote. Jumla inakaribia saa kumi au kumi na moja. Mchana wote una kumi na mbili. Ndiyo maana nasema Gede haikubali nusu siku.

## Hatua ya 5: Andika utakachokiacha

Siku moja ukiipeleka Gede, umeitoa mahali. Andika umeitoa wapi.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza kuna kitu kimoja ambacho simruhusu aache: Fort Jesus pamoja na Mji wa Kale. Nusu siku inatosha vizuri. Ingia ngomeni asubuhi wakati jua bado pole, ukae saa mbili, kisha tembea vichochoro vya Mji wa Kale polepole, utazame milango ya nakshi na baraza za nyumba, upite msikiti wa Mandhry ambao ni wa mwaka 1570.

Na kuna sababu ya kuanza na ngome ambayo watu wengi hawaijui. Ndani yake kuna makumbusho yenye vyombo vilivyochimbuliwa Gede na katika miji mingine ya kale ya pwani: mabakuli ya kaure kutoka China, mitungi, vigae. Anayeviona hivyo kwanza, akifika Gede anaona kuta na anajua ndani yake watu walikula katika vyombo gani. Anayekwenda Gede kwanza huona mawe. Kwa hiyo ngome itangulie, kasri lifuate, hata kama mpangilio wa hoteli yako unakuvuta kinyume.

Vingine, kama bustani ya ufukweni ya Mama Ngina wakati wa jioni, Haller Park yenye wanyama, au kuogelea, vinaweza kusubiri au kuingizwa pembeni. Hivyo havinitishi.

## Hatua ya 6: Toa uamuzi

Una siku moja kamili: usiende Gede. Sitaki unibishie hapa. Asubuhi Fort Jesus na Mji wa Kale, alasiri Jumba la Mtwana ukiwa na nguvu, au Mama Ngina ukiwa umechoka.

Una siku mbili kamili: nenda, lakini kwa masharti matatu yote kwa pamoja. Siku ya kwanza ni ya ngome. Unaweza kuwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Na katika msafara hakuna mtu ambaye saa tano za gari zitamuumiza. Sharti moja likikosekana, baki mjini.

Una siku tatu au zaidi: nenda siku ya pili. Usiiweke safari hii siku ya mwisho hata kidogo. Ajali moja Kilifi au mvua moja Mtwapa itakula treni yako. Usiiweke siku ya kwanza vilevile, kwa sababu mwili bado una uchovu wa njia na ngome hujaiona.

Angalia pia kalenda. Msimu wa masika, Aprili mpaka Juni, njia za msituni huteleza na mbu huzidi. Ukiamka ukasikia mvua kubwa, badilisha siku bila kujilaumu. Mwezi wa Ramadhani, panga chakula mapema, maana sehemu nyingi za kula za Waislamu hufungwa mchana. Ijumaa inafaa, ila jua kwamba kuanzia saa sita watu huelekea msikitini, nawe panga chakula na usafiri ukizingatia hilo.

Uamuzi mzuri una tarehe na saa. "Tutakwenda Gede" bado ni ndoto. "Jumatano, tunatoka mlangoni saa kumi na mbili kasorobo" ndio uamuzi.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kutoka. Kunywa chai usiku wa kuamkia safari kama huna hakika ya kuamka mapema, au nunua mahamri na mbaazi njiani, lakini usikae chini kula. Kila robo saa unayoipoteza mjini asubuhi utailipa nusu saa Mtwapa.

Kwa matatu, pandia magari ya Malindi upande wa Buxton na Abdel Nasser. Kabla ya kuketi, mwambie kondakta, "Kaka, nishushe Gede," umkumbushe tena mkishapita Matsangoni. Usingizi ukikuchukua utajikuta Malindi. Njia panda ya Gede ndiyo ya kwenda Watamu. Kutoka hapo mpaka lango la magofu ni mwendo mfupi wa tuktuk au bodaboda. Wenye miguu wanatembea. Bei mkubaliane kabla ya kupanda.

Langoni. Onyesha kitambulisho, lipa, subiri ujumbe wa kuthibitisha malipo, weka risiti. Kisha chukua mtu wa kukutembeza. Nimejaribu kwenda bila yeye, nikaona kuta. Nimekwenda na yeye, nikaona mji. Muulize bei mapema na kwa heshima: "Samahani kaka, kututembeza sote ni shilingi ngapi, na tutachukua muda gani?" Akikuambia nusu saa, mwombe saa moja na nusu na mkubaliane malipo yake. Kumbuka umesafiri saa mbili na nusu kufika hapo.

Anza na kasri. Watu wengi huanza na kila kibao wanachokikuta, wakifika kasrini jua limepanda na mabasi ya wanafunzi yameshaingia. Mwombe anayekutembeza akupeleke kasrini moja kwa moja, halafu mrudi nyuma: msikiti mkuu na kisima chake, kisha nyumba. Nyumba hizo zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake, kama nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure. Nenda na watoto wakijua majina hayo, uwaache wakisie kabla ya kuambiwa.

Ukiwa ndani ya nyumba tafuta zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani, tafuta choo, kisha tafuta kisima kilicho karibu. Mtu wa pwani aliyekulia nyumba ya Kiswahili ataona mpangilio anaoujua: baraza nje, ua, vyumba vya ndani, na cha ndani kabisa kilichofichwa. Hilo ndilo hunigusa mimi kila nikienda. Kasri lile si la watu wa kigeni. Nyumba ya bibi yangu ilipangwa hivyo hivyo.

Mwishoni pita kwenye kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399. Kaburi hilo ndilo lililowasaidia wataalamu kuupangia mji huo miaka, kwa hiyo usilipite kama jiwe tu. Kisha panda jukwaa lililojengwa kwenye mbuyu, uutazame mji kutoka juu. Anayeogopa urefu abaki chini, hakosi mengi.

Tahadhari. Usipande juu ya kuta, hata kama wengine wanapanda kupiga picha. Chokaa yake imechakaa, na ukuta uliosimama miaka mia sita unaweza kuangushwa na mguu mmoja. Usitie mkono katika matundu. Watoto wasikimbie karibu na visima. Na kima: hao wamezoea watu, watakufuata, na wakiona ndizi au mfuko wa plastiki wataunyakua. Usiwalishe, hata ukiambiwa ni mchezo wa kawaida. Kima aliyezoea kupewa ndiye anayemng'ata mtoto asiyekuwa na cha kumpa. Chakula kikae kwenye begi lililofungwa zipu.

Utajua umefaulu kama ukitoka langoni unaweza kumwelezea mtu aliyebaki nyumbani mambo mawili bila kutazama simu: njia ya kuingilia kasrini ilivyo, na kwa nini chumba cha hazina hakina mlango. Kama umetoka na picha tu, rudi ndani. Tiketi yako bado ni ya leo.

## Hatua ya 8: Ongeza kitu kimoja tu, kisha geuza

Ukitoka saa tano hivi, hamu itakuja ya kuongeza Watamu, Malindi, mnara wa Vasco da Gama, msitu wa Arabuko-Sokoke. Chagua kimoja. Rahisi kuliko vyote ni mradi wa vipepeo wa Kipepeo, uko pale pale langoni, nusu saa inatosha. Wanakijiji wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza mabuu yake, kwa hiyo pesa yako inasaidia msitu usikatwe. Cha pili ni chakula Watamu, kilomita chache mbele. Malindi ni kilomita 16 zaidi kwenda na 16 kurudi, na huo ndio mwisho wa mpango wako wa jioni.

Saa nane mchana uwe umeshageuza. Ukiwa kwenye kituo cha Gede, magari ya kutoka Malindi mengine hupita yamejaa, kwa hiyo jipe nusu saa ya kusubiri. Kilifi wauzaji watakuja dirishani na korosho. Nunua hapo, kwani mjini utazikuta ghali zaidi. Onja kwanza, maana nyingine huwa zimeungua.

Ukipita Mtwapa kabla ya saa kumi alasiri, saa kumi na moja utakuwa mjini na jua bado liko juu.

## Mpango wa akiba: Jumba la Mtwana

Umeamka umechelewa, mvua imenyesha, mtoto ana homa, au jibu lako la hatua ya 3 lilikuwa hapana. Usilazimishe Gede. Nenda Mtwapa.

Ondoka mjini saa mbili au hata saa nane mchana, epuka tu saa za watu kutoka kazini. Ukishuka Mtwapa, chukua tuktuk mpaka magofuni, ni kama kilomita tatu kutoka barabara kuu. Saa moja na nusu ndani yatosha. Mibuyu iko kila upande, na msikiti ulio ukingoni unatazama bahari. Karibu nao kuna kaburi lenye aya ya Qur'ani isemayo kwamba kila nafsi itaonja mauti. Soma, nyamaza kidogo, kisha shuka ufukweni.

Hapo pia zimo kuta za matumbawe zilizobanduka lipu. Zitazame kwa shubiri moja, kama nilivyokuambia.

Saa kumi na moja uanze kurudi mjini. Wengi wakati huo wanatoka mjini, wewe unaingia, kwa hiyo njia yako huwa nyepesi zaidi.